Kabla ya Kununua Mazoezi ya Simu

Mama R. wa Kibirizi,

Pole, mwanangu. Unajilaumu kwamba ulikuwa mwaloni unaanika dagaa, hata ikawa mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyegundua kuwa binti yako akizibwa jicho la kulia haoni ubaoni. Acha kujilaumu. Mtoto mwenye jicho moja zima hukimbia, hucheza na kurudisha chenji sawasawa. Wewe ungejuaje?

Sasa mama mkwe anasema akikua jicho litapona lenyewe, na kijana wa mtaani anakuuzia mazoezi ya macho ya kwenye simu, akidai miwani itamharibu. Wote wawili wanakutakia mema. Wote wawili wamekosea.

Tatizo lilipo

Huenda ni jicho zembe, nalo mara nyingi halina kidonda wala maumivu. Ubongo ndio ulioacha kulisikiliza, kwa kuwa tangu utotoni limekuwa likileta picha yenye ukungu, au limekengeza, au lina mtoto wa jicho. Basi tiba huanza kwa kuondoa kizuizi hicho. Wengi huanza na miwani, na wapo ambao miezi michache ya miwani peke yake huwatosha.

Isipotosha, jicho zuri huzibwa ili lile zembe lifanye kazi. Si jambo geni: Mfaransa Buffon aliliandika mwaka 1743. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la wastani, ulionyesha kuwa kuziba saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na saa 6.

Mazoezi, ndiyo, lakini yapi?

Saa za kuzibwa mpe kazi ya karibu: achambue mchele, atunge shanga, achore, asome. Hayo ndiyo mazoezi, na hayauzwi. Ipo kweli tiba ya kwenye skrini inayolionyesha kila jicho picha yake. Marekani iliruhusu moja mwaka 2021, kwa cheti cha daktari, na mtoto avae miwani yake kama anayo. Kuzungusha macho mbele ya simu ni kitu kingine kabisa. Hela ya kununulia hayo iweke akiba ya miwani.

Hapa nitakuwa mkali

Usimzibe jicho kabla hajapimwa. Jicho zuri likizibwa ovyo bila kufuatiliwa, nalo linaweza kudhoofika. Usimtie matone ya mitishamba. Na ukiona weupe unang'aa ndani ya mboni, hata kwenye picha tu, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni saratani.

Kungoja nako kuna gharama. Ana miaka sita. Baada ya saba tiba bado husaidia wengi, ila huwa ngumu zaidi. Fikiria siku ndoana imemchoma lile jicho zuri. Atabaki na lipi?

Safari yenyewe

Usiku wa mbalamwezi mitumbwi hulala, na dagaa huwa hakuna. Tumia siku hizo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, uulize kitengo cha macho. Huenda atatiwa dawa ya kutanua mboni, na mwanga utamsumbua kwa muda, hivyo mchukulie kofia. Wakiona inabidi, watakuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, KCMC au CCBRT. Mpigie baba yake huko Kalemie umweleze, lakini usimngoje avuke ziwa.

Mambo ya kuzibwa yapange jioni nyumbani, wenzake shuleni wasimcheke. Siku za mwanzo atalia na kukibandua kibandiko cha jicho. Kaa naye, usimpige. Miwani, hata hivyo, aivae kutwa, na mwalimu amkalishe mbele.

Ukitoka Maweni niandikie: wamesema azibwe saa ngapi, jicho lipi, na arudi lini.