Mdogo wangu, pumzika, na binti wa kazi naye apumzike

Barua ya safari hii imetoka kwa muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu. Baada ya miaka mingi ya zamu za usiku na za mchana, mwajiri wake amemkubalia likizo ndefu ya miezi mitatu. Ilikuwa afurahi, lakini usingizi umempaa. Mume anamwambia huu ndio wakati wa kufungua genge. Wifi yake amekwisha kumpangia kwenda kumuuguza mama mkwe. Mwalimu wa kwaya amemwingiza kwenye mazoezi ya kila jioni, maana "sasa una nafasi". Naye ananiuliza: "Dada, Mkristo anaruhusiwa kweli kukaa tu, wakati kazi ya Bwana na ya nyumbani haijaisha?"

Anaruhusiwa, mdogo wangu. Tena ameagizwa. Nakujibu nikiwa Bigwa, kwa mama mdogo, chini ya milima ya Uluguru, nami nikiwa kwenye likizo ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo haya ninayokuambia ninayaishi wiki hii.

Wengi wetu tunaichukua siku ya kupumzika kama zawadi ya mtu aliyemaliza kazi. Na kwa kuwa kazi haziishi, zawadi yenyewe haifiki. Lakini fungua Biblia uone pumziko limewekwa wapi. Limo ndani ya zile amri kumi, pamoja na amri za kutoua na kutoiba. Katika Kutoka sura ya 20 sababu inayotolewa ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Ukienda Kumbukumbu la Torati sura ya 5, amri ni ileile, ila sababu ni nyingine: Waisraeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Hapo ndipo mimi hunyamaza kidogo kila ninapopasoma. Mtumwa hana siku yake. Mtu aliyekombolewa anayo, na akikataa kuichukua, anaishi kana kwamba Farao bado anamdai matofali.

Wazee wa milima hii wanaielewa sura hiyo bila kuhubiriwa. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, huku mashamba yao yakiwasubiri. Udongo ulikuwa unahitaji kutunzwa, hilo ni kweli. Lakini watu walichoshwa na amri na faini, na mwaka 1955 ghasia zikalipuka huko Matombo, mpango ule ukafa. Mwenye kuchimba tuta la mtu mwingine wakati shamba lake limejaa magugu anajua tofauti ya kazi na utumwa kwa mgongo wake. Mimi na wewe hatuna msimamizi wa matuta. Tuna simu inayolia saa tano za usiku, na tunainuka kuipokea.

Sasa tuanze na mwili wako, maana ndipo Mungu alipoanza na Eliya. Soma 1 Wafalme sura ya 19. Nabii ametoka kwenye ushindi mkubwa wa mlima Karmeli, kisha amekimbia jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Ingekuwa sisi, tungemwitia kikao cha maombi na kumkemea kwa kukosa imani. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye kabisa, kule Horebu, baada ya usingizi na chakula. Napenda sana kwamba Biblia haikuona aibu kuandika kuwa nabii alihitaji kulala.

Kwa hiyo majuma yako ya kwanza yasiwe na mradi wowote. Lala. Kula kwa wakati, tena kaa chini unapokula. Na wewe unayewapima wengine presha kila siku, yako uliipima lini mara ya mwisho? Nenda kapime, wiki ya kwanza hiyohiyo.

Kuhusu genge, naomba mumeo asinielewe vibaya. Hofu yake ya fedha ni ya kweli, na Biblia haiidharau. Mambo ya Walawi sura ya 25 inaagiza ardhi ipumzishwe kila mwaka wa saba, na papo hapo inataja swali ambalo watu wangeuliza: tutakula nini? Mungu hakuwakemea kwa kuuliza. Aliwaahidi kwamba mwaka wa sita utatoa mazao ya kutosha hadi mengine yaive. Maana yake pumziko lilikuwa na ghala nyuma yake. Kama likizo yako ni bila malipo, kaeni wawili mwandike kwenye karatasi: kodi, ada, chakula, nauli. Kama akiba haifiki miezi mitatu, chukua mwezi mmoja ulale bila deni. Usikope ili upumzike. Lakini pia usifungue genge wakati wa likizo, kwa sababu genge linataka mtu aende sokoni alfajiri na akae barazani hadi usiku, na ukirudi wodini utakuwa na kazi mbili na uchovu uleule.

Najua wengine mnasoma mkisema, dada huyu anazungumza na wenye bahati. Miezi mitatu nani atanipa? Sawa. Kama umeajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, na saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Nawafahamu watu wengi ambao siku hizo zimekufa kwenye droo ya bosi, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hawakujaza fomu. Ijaze. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, hata mtu wa Dar mwenye Jumamosi na Jumapili tu anaweza kuja kupumua hewa ya huku na kurudi kazini Jumatatu.

Na wewe mama ntilie, wewe fundi cherehani, usiye na bosi wala fomu? Kwako nina neno nililojifunza kwa majirani zetu Wasabato. Sabato yao inaanza Ijumaa jua linapozama, lakini ukitaka kujua siri yao, watazame Ijumaa mchana. Nyumba inafagiliwa, nguo za ibada zinapigwa pasi, chakula cha kesho kinapikwa, maji yanajazwa. Jua likizama, hakuna anayekimbia kutafuta mkaa. Sisi tunaoabudu Jumapili tunatoka ibadani saa sita, na kina mama wanaingia jikoni kupika pilau ya wageni hadi saa kumi, huku wanaume wamekaa sebuleni wakisubiri mechi. Siku hiyo imekuwa pumziko la nusu ya nyumba. Pika Jumamosi. Jumapili pasheni viporo, na wageni wale mnachokula ninyi.

Hapa jirani, Mgolole, kuna masista wa Moyo Safi wa Maria. Masista na mapadre kila mwaka huenda mafungo, siku kadhaa za kimya na sala, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza sista aliingiza shilingi ngapi kwenye mafungo yake. Sisi walei nasi tunaweza kuomba siku mbili au tatu kwenye nyumba ya mafungo, au kwa ndugu asiye na televisheni sebuleni. Mwalimu wa kwaya mwambie kwa upole, uso kwa uso na si kwa ujumbe wa simu, kwamba utarudi likizo ikiisha. Mungu hakuumba sauti moja tu ya kwanza.

Tuje kwenye familia, maana hapo ndipo barua yako ilipokuwa na machozi.

Katika Marko sura ya 6, Yesu aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, akawachukua kwa mashua wakapumzike mahali pasipo na watu. Walipofika, umati ulikuwa umetangulia. Yesu akawahurumia, akawafundisha. Nakukumbusha kisa hiki ili usitegemee likizo isiyoguswa na mtu. Watoto wataugua, jirani atafiwa, na wewe utaenda. Lakini ona kwamba baada ya umati kushiba aliwaaga watu, akapanda mlimani peke yake kuomba. Aliliahirisha pumziko, hakulifuta.

Mama mkwe nenda kamwone. Kaa naye siku chache, mkande miguu, msikilize. Ila kumuuguza miezi mitatu kwa sababu watoto wake wengine hawataki kuchangia si huduma, ni mzigo uliotupiwa mtu mmoja, na mumeo ndiye wa kuitisha kikao. Huku Uluguru ukoo ni wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi hufuata huko, na mjomba akizungumza, nyumba inatulia. Jambo kama lako lingepelekwa kwa wajomba, na kila mtu angeondoka na zamu yake. Kwenu huenda mwenye neno ni baba mkubwa au shangazi. Yeyote yule, aitwe, na zamu ziandikwe.

Halafu kuna watoto wako watatu. Hapa kwa mama mdogo, jioni tunakaa kibarazani tukipukuchua kunde kwenye ungo. Wajukuu wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anachukua maganda machache, na baada ya muda maneno yanaanza kutoka: mwalimu aliyemchapa, rafiki aliyemnyang'anya rula, ndoto ya usiku. Hakuna aliyewauliza. Mtoto hasemi mambo yake kwa mama aliyeshika mkoba tayari kutoka. Anayasema kwa mama aliyeketi muda mrefu mpaka mtoto akaamini kwamba haondoki. Ukitumia likizo yako kwa hilo tu, utakuwa umeitumia vizuri.

Kuna jambo lingine ambalo likizo hukuonyesha, nalo huuma kidogo mwanzoni. Wodi itaendelea bila wewe. Musa aliamua kesi za watu toka asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwambia wazi kwamba atajichosha yeye na watu wake pia, achague wasaidizi. Iko katika Kutoka 18. Musa alikuwa nabii wa Mungu na bado alihitaji kuambiwa kwamba si kila kesi ni yake. Zikifika wiki za kati za likizo yako na hakuna aliyekupigia simu kuuliza faili liko wapi, usihuzunike. Mshukuru Mungu kwamba wagonjwa hawakuwekwa mikononi mwako peke yako.

Ukikaa pembeni, unaanza pia kuwaona wanaokubeba. Barabara ya Bigwa hadi Kisaki inaanzia hapa, na asubuhi bodaboda zinashuka kutoka Kiroka, Mkuyuni na Kinole zikiwa na mikungu ya ndizi imefungwa mpaka dereva haonekani mgongo. Kina mama wanafuata na mizigo yao. Mto Ruvu, unaotegemewa kwa maji na sehemu kubwa ya Dar es Salaam, unatoka kwenye milima hii, na vijito vyake vinapita kando ya mashamba ya watu hawahawa. Mtu wa Dar anafungua bomba bila kuwaza kuna mkulima mlimani ambaye akikata msitu maji yatapungua, na akiuacha yeye ndiye anayekosa eneo la kulima. Nilipokuwa kwenye mbio zangu za mjini sikuwa nikiwaza hivyo pia. Nafasi ya kuwaza ni sehemu ya likizo.

Na hapo ndipo ninapofika kwa mtu ambaye barua yako imemtaja mara moja tu, katikati ya sentensi: binti wa kazi "anayenisaidia na watoto".

Mdogo wangu, rudi Kumbukumbu la Torati 5. Amri ile haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja mgeni, inataja hata ng'ombe na punda, na inasema wazi kwamba mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Binti huyo ameamka kabla yako miaka yote hiyo. Jumapili mkienda ibadani anabaki na sufuria, na usiku analala wa mwisho. Naye pia ni mfanyakazi, na zile saa 24 za kila wiki ni haki yake kisheria kama zilivyo zako. Ana mama yake mahali fulani, labda huku mlimani, anayesubiri kumwona.

Ukimtwisha yeye kazi zako ili wewe upumzike, umehamisha mzigo tu. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaanza kupanga miezi yako mitatu, mwite leo jioni, mketi naye, umuulize siku gani ya wiki anataka iwe yake. Mpe siku hiyo kuanzia wiki hii, pamoja na nauli ya kwenda kanisani kwake au kwa ndugu zake, na vyombo vya siku hiyo vioshwe na watoto na baba yao. Kisha niandikie tena, uniambie alichagua siku gani.