Koili ya homoni ukiikaribia 40: anza na damu yako

Mwanamke wa miaka 38 hachagui uzazi wa mpango kwa hesabu ya msichana wa miaka 22. Msichana anataka kuzuia mimba mpaka awe tayari. Sisi ambao tumeshazaa, au tumeamua kwamba tulio nao wanatosha, tuna mengine juu ya hilo. Presha imeanza kupanda. Hedhi iliyokuwa ya siku nne sasa inafika wiki, na siku ya pili hutoki nyumbani bila pedi za akiba na leso ya pili mkobani. Na uzazi bado haujafunga. Mimba inaweza kuingia mpaka hedhi ikome kabisa, na kwa wengi hilo huja karibu na miaka 50. Ni miaka mingi mno kuiachia bahati.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Mombasa, na koili ya homoni ninayo tangu nikiwa na 38. Wenzangu wa rika langu huniuliza kama inauma, kama inanenepesha, kama mume anaisikia. Yote nitayajibu. Lakini kabla hujauliza njia ipi ni bora, itazame damu yako kwanza: inavyosukuma mishipani na inavyotoka kila mwezi. Hizo mbili ndizo zitakazokuamulia zaidi ya maneno ya jirani.

Tuanze na presha. Vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vina homoni mbili, estrojeni na projestini, na ni estrojeni inayoleta wasiwasi katika umri wetu. Ukishapita miaka 35 na una presha, au unavuta sigara, au unaumwa kipandauso, vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda na ya kiharusi. Mimi nilivimeza miaka na miaka bila tatizo, mpaka siku muuguzi aliponipima mkono mmoja, akanipima na wa pili, akaniambia vidonge basi. Kwa hiyo ukifika kliniki usikubali kupewa paketi mpya kabla hujapimwa. Kijiti cha mkononi hakina estrojeni, sindano ya miezi mitatu haina, na koili ya homoni haina. Sindano ina mambo yake: hupunguza uzito wa mifupa kwa muda unaoitumia, na ukiiacha uzazi unaweza kukawia miezi mingi kurudi. Kwa anayekaribia 40 na bado anafikiria mtoto mmoja zaidi, kukawia huko si jambo dogo. Koili ikitolewa, uzazi hurudi mara moja.

Sasa damu ya mwezi. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba hedhi nzito ni fungu la mwanamke, na hatumtajii daktari. Mtajie. Mweleze kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, kama unaamka usiku kubadilisha, kama yanatoka mabonge, kama ngazi za ghorofa ya pili zinakukata pumzi. Omba upimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu huingia polepole, na mtu huuzoea uchovu akadhani ni watoto na kazi.

Jambo moja hapa lisirukwe: damu isiyojulikana sababu haifunikwi kwa koili. Ikiwa unatokwa na damu katikati ya mwezi, au baada ya tendo la ndoa, chanzo kitafutwe kwanza. Nilipigwa altrasaundi, ikaonekana faibroidi ndogo iliyoota upande wa nje wa kizazi. Ingekuwa imeota ndani na kuharibu umbo la kizazi, koili isingenifaa. Siku hiyohiyo omba na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, maana umri wetu ndio hasa wa kupimwa. Tena mtu akiwa na maambukizi kama kisonono au klamidia, au uvimbe wa maambukizi kwenye nyonga, hutibiwa kwanza ndipo awekwe. Aliye na saratani ya matiti hawekewi koili ya homoni.

Muuguzi aliyenihudumia, mama wa makamo, alinikalisha akanitolea koili mbili juu ya meza. "Mamangu," akaniambia, "watu husema koili, koili, lakini hizi ni mbili na kazi zao ni mbali." Zote zina umbo la herufi T na zote huzuia mimba vizuri sana: katika wanawake 100 wanaozitumia kwa mwaka mmoja, anayeshika mimba hafiki hata mmoja. Ya shaba haina homoni kabisa na hukaa miaka 10 au zaidi. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake ni nyepesi, ni njia nzuri mno. Lakini yaweza kuongeza damu na maumivu ya chango, na mimi damu ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Ya homoni hufanya kinyume. Hutoa kiasi kidogo cha levonogestreli palepale ndani ya kizazi, ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito mbegu zisipite, na utando wa ndani unakuwa mwembamba. Utando ukiwa mwembamba, hakuna kingi cha kumwagika. Ndiyo sababu madaktari huitumia pia kama tiba ya hedhi nzito, na wapo waliookoka kukatwa kizazi kwa sababu yake.

Nasisitiza hili kwa sababu katika vituo vingi neno koili peke yake humaanisha ile ya shaba, ambayo ndiyo hupatikana kwa urahisi. Ukienda na hedhi nzito, ukasema tu "nataka koili", unaweza kurudi nyumbani na tatizo lililokua. Taja homoni. Uliza ina miligramu ngapi, kwa kuwa ziko ndogo pia. Inayotibu hedhi nzito ni ya miligramu 52. Haikuletwa juzi. Ilianza kutumika Ufini mwaka 1990, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hospitali binafsi bei yake ni ya kukaa chini mkapanga, kwa hiyo uliza bei ya koili yenyewe na bei ya kuwekwa, kila moja mbali. Kabla hujalipa, uliza pia vituo vya serikali na mashirika ya uzazi wa mpango kama wanayo, kwa kuwa ikiwepo huko yaweza kuwa bure au kwa pesa kidogo.

Kuna maneno mawili niliyoyasikia sana. La kwanza, kwamba koili hutembea mpaka moyoni. Kutoka kizazini hakuna njia iendayo moyoni. Hatari iliyopo kweli ni kizazi kutoboka wakati wa kuwekwa, na hutokea kwa mmoja au wawili katika wanawake 1,000, zaidi kidogo kwa anayenyonyesha. Nyingine ni koili kutoka yenyewe, karibu mmoja katika kila 20, hasa miezi ya mwanzo. La pili, kwamba hedhi ikikatika damu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi, kwa kuwa haikutengenezwa. Baada ya mwaka, karibu mwanamke mmoja katika watano hapati hedhi kabisa, na wengine wengi hupata kidogo tu.

Kuhusu saratani nitasema ninavyojua, maana nina shangazi aliyeugua. Koili hii hupunguza uwezekano wa saratani ya utando wa kizazi. Kwa upande wa matiti, utafiti mkubwa wa Denmark umeona ongezeko dogo kwa wanaoitumia. Ndugu wa karibu kuwahi kuugua hakukuzuii kuwekwa, lakini mwambie daktari, na matiti yako uyakague. Nililipima hilo upande mmoja, na damu iliyokuwa inanilaza kitandani upande wa pili, nikachagua.

Siku ya kuwekwa, kula. Tumbo tupu na maumivu havipatani, na wapo wanaozimia. Dawa ya maumivu imezwe saa moja kabla. Aina gani, muulize daktari, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo. Uliza pia kama wana dawa ya ganzi ya kudunga kwenye mlango wa kizazi. Wengi hawaitoi mpaka uombe, na sioni kwa nini mwanamke aumie kwa kuona haya kuomba. Ikiwekwa ndani ya siku saba za kwanza za hedhi, kinga huanza hapohapo. Siku nyingine yoyote, mkihakikisha huna mimba, yawezekana pia, ila utumie kondomu siku saba.

Kazi yenyewe ni dakika chache. Uke unafunguliwa kwa chombo, mlango wa kizazi unasafishwa na kushikwa, hapo unahisi kama umefinywa. Kisha kizazi kinapimwa urefu, halafu koili inaingia, na hayo ndiyo maumivu yenyewe: chango kali linalobana chini ya kitovu, likapungua. Dada yangu, aliyezaa wote kwa kupasuliwa, aliumia zaidi yangu. Ukihisi kizunguzungu, lala palepale, usione haya kumchukulia mtu kitanda. Na usirudi nyumbani peke yako.

Sasa fika kwenye sehemu ambayo haiko katika karatasi wanazotugawia kliniki. Miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, damu huja bila mpango: matone leo, kesho safi, keshokutwa matone tena. Kwa afya si kitu cha kutisha, na ni hapa wengi hukata tamaa wakaenda kuitoa kabla haijatulia. Lakini kwa sisi Waislamu matone hayo yana swali zito: je, niswali? nifunge? Niliweka daftari tangu siku ya kwanza, tarehe, rangi na wingi, nikalipeleka kwa ustadhati wangu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, hedhi haizidi siku 15, na tohara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Inayotoka nje ya mipaka hiyo ni istihadha: unajisafisha, unajifunga vizuri, unatawadha kwa kila swala wakati wake ukishaingia, unaswali na unafunga. Hesabu ya kila mwanamke ina yake, kwa hiyo mtafute mwenye elimu aisome ya kwako. Daftari hilohilo ndilo alilolitaka daktari niliporudi kuangaliwa.

Ushauri wangu kwa anayejali ibada zake: ukiweza kuchagua, weka baada ya Idi ya mfungo, si Rajabu au Shaabani. Utakuwa na miezi ya kutosha kwa mwili kutulia kabla Ramadhani nyingine haijaingia.

Mume wangu nilimshirikisha mapema, nikamweleza kila kitu, na aliniunga mkono zaidi ya nilivyotarajia, maana ni yeye aliyekuwa akiniona nikishikilia ukuta nikienda msalani. Nyuzi za koili ni mbili, nyembamba kama mshipi wa kuvulia samaki wadogo. Mwanzoni alizihisi, zikalainika. Zikisumbua hupunguzwa. Uzito haukubadilika kwangu. Chunusi nilipata mashavuni, zikaondoka. Wengine huumwa matiti au hubadilika hali ya moyo. Ukiona huzuni isiyoondoka, rudi. Koili hii pia haikingi Ukimwi wala magonjwa ya zinaa. Penye shaka, kondomu iwepo.

Rudi haraka ukipata homa na maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, nyuzi zikipotea au zikirefuka, au ukihisi una mimba. Mimba na koili ni nadra, lakini ikitokea yaweza kuwa nje ya kizazi, na hiyo haingoji kesho.

Mwisho, kadi. Iandikwe aina, miligramu, tarehe na mwaka wa kutoa, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Ya miligramu 52 kwa kuzuia mimba imethibitishwa mpaka miaka 8, ingawa kadi nyingi bado huandikwa 5, na nguvu yake juu ya hedhi nzito yaweza kuhitaji nyingine baada ya hiyo 5. Wataalamu wa Uingereza wanasema iliyowekwa ukiwa na 45 au zaidi yaweza kubaki kwa kinga mpaka 55. Koili yangu ikishika damu miaka yote 8, nitakuwa na 46 siku ya kuitoa, nitaomba ya pili kitanda hichohicho, na ya tatu sitaihitaji.