Ugonjwa Ukifunga Soko, Sanduku la Kikundi Litadumu Miezi Mingapi?

Ndugu wanakikundi, somo hili lataka kalamu, karatasi na kitabu chenu cha hesabu. Mmoja asome kwa sauti, na mkifika penye hesabu msimame kwanza, kila mtu aelewe.

Tunakumbuka korona ilivyoingia. Mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza. Hapa Shinyalu kuna waliosema ati hilo ni jambo la Nairobi. Lakini mama anayeuzia shule mboga hukosa mnunuzi hata kabla ugonjwa haujafika kijijini, na kijana aliyekuwa akituma pesa nyumbani huanza kuomba atumiwe yeye. Kisha Juni 2021 Kakamega ikawa kati ya kaunti 13 zilizobanwa zaidi: kafyu saa moja jioni, mazishi ndani ya saa 72, masoko ya mifugo na ya vitu visivyo chakula yakafungwa.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kukodisha tenti na viti. Kwetu vikundi hivi ni vingi, na mapato yao makubwa hutoka matangani. Aprili 2020 waombolezaji walitakiwa wasizidi 15. Watu 15 wanatoshwa na viti vya jirani!

Tuseme kikundi kina watu 20. Sandukuni mna Sh. 40,000. Kila mwezi hulipa kodi ya stoo Sh. 1,500 na mkopo Sh. 5,000, jumla Sh. 6,500. Mapato yamekwisha kabisa. Gawanyeni 40,000 kwa 6,500: mnapata miezi sita hivi. Sasa mwanakikundi anasimama anasema, “Watoto wanalala njaa, tugawane elfu moja moja.” Mkikubali, Sh. 20,000 zimetoka na miezi iliyobaki ni mitatu. Kafyu ilianza Machi 2020 ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ni karibu miezi 19.

Yule aliyesimama hakosei, njaa ni njaa. Lakini kugawa sawasawa si msaada. Mwenye shamba la mahindi anapata elfu moja, na mjane asiye na kitu anapata elfu hiyo hiyo. Afadhali kikundi kitenge kiasi kidogo, tuseme Sh. 5,000, kinunue unga kwa wale wenye shida kweli, na kiandikwe kitabuni kuwa ni msaada au ni mkopo. Pesa isiyoandikwa ndiyo huvunja vikundi, hata korona ikiwa imekwisha.

Halafu punguzeni kinachotoka. Stoo inaweza kuachwa, tenti zikawekwa kwa mwanakikundi mwenye nyumba kavu. Zianikwe juani mara kwa mara, maana turubai lililokunjwa na unyevu hushika ukungu na panya hula kamba. Kuhusu mkopo, nendeni kwa mwenye kudai KABLA ya kukosa kulipa. Machi 2020 Benki Kuu iliruhusu mabenki yawaongezee muda wakopaji walioumizwa na korona, na nafasi hiyo ikafungwa Machi 2021. Aliyekaa nyumbani akingoja kuitwa hakupata. Tuseme mmekubaliwa kulipa riba tu, Sh. 2,000 kwa mwezi. Sandukuni mna 35,000 baada ya ule unga. Gawanyeni tena: miezi 17 na nusu. Bado haifiki 19, lakini pengo ni dogo, na kazi ndogo yaweza kuliziba. Fundi wa cherehani anaweza kushona barakoa, na mboga za kienyeji bado zinauzwa, kwani watu hula hata wakati wa kafyu. Mimi singeharakisha kuuza viti. Wakati kila kikundi kinauza, bei inakuwa ya kutupa, na mazishi makubwa yakirudi mtanunua upya kwa bei ya juu.

Mikutano ikikatazwa, michango hupita kwa simu. Mwaka 2020, kuanzia Machi hadi Desemba, kutuma pesa isiyozidi Sh. 1,000 hakukuwa na ada. Hata hivyo simu ya mweka hazina isiwe sanduku la pili lisilo na kufuli. Kila jioni ya mchango awapigie wenzake wawili wanaoshika funguo, awasomee salio, na wote watatu waandike.

Magonjwa hayajaisha. Julai 2024 mpox ilithibitishwa Taita Taveta. Kwa hiyo fanyeni hesabu hii sasa, wakati mapato yapo.

Kazi ya kikundi: Andikeni kila kinachotoka kwa mwezi hata kama hakuna kinachoingia. Gawanyeni akiba yenu kwa jumla hiyo. Miezi ni mingapi? Wanunuzi wenu wakubwa ni nani, na wangapi kati yao wangefunga siku moja? Na ni nani atakayetumwa kuzungumza na mwenye mkopo, akiwa na kitabu gani mkononi?