Nyaya za Nyumba Zinapochoka

Nyumba nyingi za zamani zilifungwa nyaya kwa ajili ya taa na redio. Leo nyaya zile zile hubeba friji, pasi, jiko na kiyoyozi. Mtumiaji atatambuaje kwamba zimeelemewa?

Dalili zake ni hizi: soketi au swichi kupata moto, kubadilika rangi au kutoa cheche, harufu ya plastiki inayoungua, taa kufifia kila pasi inapowashwa, sakiti breka kukatika mara kwa mara, ganda la waya kukauka na kupasuka, na mtu kupigwa shoti agusapo friji.

Breka ikikatika mara kwa mara, usikubali kuwekewa iliyo kubwa zaidi. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Pasi na jiko vikiongezwa kwenye waya huo huo, mzigo huzidi uwezo wake. Kazi ya breka ni kukata umeme kabla waya haujaungua. Ukiikuza, waya ndio utakaoungua, tena darini usikoona.

Uonapo dalili hizi, zima swichi kuu, kisha umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague na kupima. Si kila hitilafu hudai nyaya zote zibadilishwe. Pengine ni soketi moja iliyolegea. Kwa hiyo tunashauri udai majibu ya vipimo kwa maandishi kabla ya kulipa. Nawe mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa barua, ubaki na nakala.