Dondoo muhimu: Maji yakizidi kupungua, Kiingereza chake ni kipi?

Simama darajani Igawa mwezi wa Juni, kisha urudi Oktoba. Mto Mbarali ni uleule, ila mawe yaliyokuwa yamezama sasa yameanika migongo juani. Umeambiwa uandike ripoti ya skimu ya mpunga kwa Kiingereza, na kalamu inakimbilia “decreasingly”. Taratibu kwanza.

Neno hilo hupenda kukaa mbele ya sifa, na sifa hiyo ndiyo inayopungua: “The river is decreasingly reliable”, yaani kila mwaka mto hautegemeki kama mwaka uliopita. Usiandike “The water flows decreasingly”. Yakipungua maji yenyewe, kipe kazi kitenzi: “The flow decreases gradually from June to October.”

“Decreasingly less” ndiyo balaa lenyewe. Upungufu nao unapungua? Basi mwambie mkulima ajiandae kwa mafuriko! Kosa hili hutokana na kutaka kukazia jambo mara mbili.

Tena, neno hili halifai kwa jambo la ghafla. Lango la mfereji likifungwa asubuhi na maji yakashuka mara moja, andika “dropped”. Huko chini, Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kabisa wakati wa kiangazi, mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, neno lake ni “dried up”.

Ukiwa na shaka, andika “less and less”. Ni Kiingereza safi, na hakuna mhandisi wa maji atakayekurudishia ripoti kwa sababu hiyo.