Kabla Hujafuga Nyoka Nyumbani

Vijana wengi hapa Mkomani wananionyesha kwenye simu picha za nyoka wadogo wa rangi za kupendeza wanaofugwa ng'ambo, kisha wananiuliza: "Daktari, nikifuga mmoja kuna ubaya gani?"

Nyoka huyo asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ncha ya pua yake imebinuka juu, naye huitumia kuchimbua mchanga akitafuta vyura. Akitishwa hutanua shingo kama swila na kufoka. Asipoachwa hujilaza chali, ulimi nje, akajifanya maiti. Rangi nyingi unazoziona pichani zimetokana na wafugaji kuchagua wazazi. Sumu yake ni hafifu. Aking'ang'ania na kutafuna, mkono huvimba, na kwa kawaida uvimbe huisha wenyewe.

Taabu ni kwamba meno yake ya sumu yako nyuma ya mdomo, na hapa pwani tunaye nyoka mwenye meno kama hayo asiye wa mzaha: boomslang, akaaye mitini. Mwaka 1957 huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa elimu ya nyoka, aliumwa kidole gumba na boomslang mchanga. Aliona jambo dogo, hakutafuta matibabu. Kesho yake akafa kwa kuvuja damu. Sumu hiyo huzuia damu kuganda, na mgonjwa aweza kukaa saa kadhaa akijiona mzima. Dawa yake ni ya pekee, hutengenezwa Afrika Kusini. Ile ya nyoka wengine haifai. Wako boomslang wa kijani, na katika miembe yetu yuko pia mamba wa kijani (si yule wa mtoni!), ambaye sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Mtoto aliyezoea kuchezea nyoka atawatofautishaje na wale wa kijani wasiodhuru?

Hata nyoka asiye na sumu hubeba vijidudu vya salmonela katika kinyesi, naye haonyeshi ugonjwa wowote. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5: huharisha, homa hupanda, na vijidudu vyaweza kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa wadogo wa kufugwa. Aliyemshika nyoka na anawe kwa sabuni, na chombo chake kisioshewe jikoni.

Tena, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, huwezi kufuga nyoka wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ukitaka kuwatazama, nenda Bio-Ken kule Watamu.

Mtu akiumwa, mvue pete na bangili, atulie, kiungo kisichezeshwe, apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani upesi. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, wala usipoteze muda kwa jiwe jeusi. Nyoka usimfukuze; ukiweza, mpige picha ukiwa mbali.