Nyumba Kongwe za Misheni: Wakazi wa Mwembesongo, Morogoro, Wanauliza

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Morogoro miaka ya 1880 wakitokea Bagamoyo, na mwaka 1897 wakafungua misheni ya Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Maswali mengi kuhusu majengo ya kale yanahusu nyumba walizojenga mapadre hao.

Nyumba ikishapita miaka mia, si tayari inalindwa?

La. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, kwa hiyo nyumba zote za mapadre hao huku bara zimeachwa nje. Ili ilindwe, nyumba ya namna hiyo lazima Serikali iitangaze rasmi. Ajabu ni kwamba mlango wa nakshi uliochongwa nchini kabla ya 1940 unalindwa, hata kama nyumba iliyoubeba hailindwi! Kwa maoni yangu, mwaka huo 1863 ulipaswa kusogezwa mbele tangu zamani.

Wenzetu wanafanyaje?

Uingereza hawana mwaka mmoja wa kukata. Nyumba ya mchungaji ya enzi za Malkia Victoria (1837–1901), yenye paa la mteremko mkali, dohani ndefu na madirisha yaliyochongoka juu, ikiingizwa kwenye orodha inalindwa nje na ndani. Hata ngazi huing'oi bila kibali.

Mbona za kwetu hazifanani na hizo?

Kule nyumba hujengwa kutunza joto. Nyumba ya Mapadre ya Bagamoyo imezungukwa na veranda zenye matao ili jua lisipige ukuta na upepo wa bahari upite.

Ukuta ukibanduka, nipige plasta ya saruji?

Usiharakishe. Kuta nyingi za kale za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa hupumua: maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea usoni na kukauka. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya misimu kadhaa ya mvua plasta inadondoka pamoja na uso wa jiwe. Fundi atasema saruji ni imara zaidi. Ni kweli, na ugumu huo ndio unaoua ukuta laini. Ukuta wa chokaa hurekebishwa kwa chokaa. Ila kwanza ziba paa linalovuja na safisha mifereji, maana hakuna plasta itakayoshinda maji yanayomwagika kutoka juu.

Nikikuta kitu cha kale wakati wa kuchimba msingi?

Sheria inataka utoe taarifa mara moja. Simamisha kazi, piga picha kitu kikiwa palepale kilipo, kisha nenda kwa mtendaji wa kata.